Nilivyokuitikia Melini

Mishi, mke wangu,

Salamu zikufikie huko uliko, na kwanza usinicheke. Nimerudi jana kutoka kwenye ile meli. Ndiyo, ile ile. Mimi fundi makuti wa Msambweni, ninayetembea juu ya mapaa ya hoteli za Diani bila kushika popote, nimetapika mpaka nyongo. Ungekuwepo ungenipigia vigelegele.

Sasa nisikilize, maana nikilikawiza hili nitalikimbia tena. Ile karatasi ya safari haikuisha muda. Nilikudanganya.

Unakumbuka ulivyokuja nayo siku waliyokuaga kazini. Miaka ishirini na miwili ukiwachezesha watoto wa wageni pale hotelini, ukiwapaka rangi usoni, ukiwafuta kamasi, na mwisho wakakupa safari ya watu wawili, siku nne, Kilindini hadi Unguja na kurudi. Juu imeandikwa "Safari ya Familia", na picha ya watoto kwenye bembea. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Mara hii nitawatazama tu. Wakilia, walilie mama zao." Mimi nikanuna. Nikajiona nimesimama katikati ya baba za watu, kila mmoja ananiuliza, wako wangapi? Swali hilo tumeishi nalo miaka yote, harusini, matangani, hata kwa muuza samaki pale Ukunda. Wewe ulikuwa unajibu, "Mungu hajajaalia," kisha unaendelea kuchagua samaki wako. Mimi nilikuwa naondoka.

Basi nikaificha karatasi kwenye mkoba wangu wa panga na kamba, nikakwambia nimepiga simu, muda umekwisha. Ukanitazama. Ukasema, "Haidhuru, bwana wee," ukarudi kukuna nazi. Mfungo ulipoingia ulikuwa hospitali, na Idi hukuiona.

Baada ya arobaini dada yako Mwanakombo alizichukua nguo zako kuzigawa, nikabaki na nyumba na ile karatasi. Ndipo nikapiga simu kweli. Mtu wa meli akauliza, "Mtakuja nyote wawili?" Nikasema ndiyo. Lile neno jingine lilinikwama. Matangani nilikuwa nikisema umetangulia, umetutoka, umepumzika. Lenyewe sikuwahi kulitamka.

Hatujang'oa nanga, king'ora kikalia. Zoezi la hatari, sote juu, kila mtu na jaketi lake la kujiokoa. Watoto tele, Mishi, majaketi yanawafika magotini! Msichana mmoja wa bara akawa anaita majina kwenye orodha. Akaita langu, nikaitika. Akaita lako, nami nikaitika, "Yupo!" Vile vile kama nyumbani, mtu akipiga hodi na kuuliza Mishi yupo, nawe uko jikoni. Mdomo ulitangulia. Sikujua hata nimesema nini.

Wakahesabu vichwa, kimoja hakipo. Wakahesabu tena. Jua linachoma, watoto wachanga wanalia, na meli haiwezi kuondoka. Mwisho yule msichana akanijia. "Mzee, mama ako wapi? Ako choo?" Watu wote wakageuka. Nikasema, "Mke wangu amekufa." Sauti ilitoka kubwa, kama ninamwita mtu aliye juu ya paa. Nikalia mbele ya familia za watu, jaketi limenikaba shingo.

Kulikuwa na mama mmoja wa Tiwi na watoto wake watatu. Akamsukuma yule mkubwa: "Mpe babu pole." Akaja. Wakaja wadogo zake, halafu na watoto wengine wakapanga foleni, shikamoo babu, pole babu, vikono vinanata peremende. Mmoja hajui hata pole ni kitu gani, akanipa biskuti yake iliyokwisha tafunwa. Nikaila.

Siku zilizobaki hawakuniacha nikae peke yangu mezani. Unguja niliokota makuti mabichi nikawasukia mipira mpaka vidole vikauma. Wazazi wao waliuliza habari zako, jina lako nani, ulifanya kazi gani, nikawasimulia mpaka nikasahau kutapika. Na katika siku zote nne, wallahi, hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza nina watoto wangapi. Hata mmoja, Mishi. Nilikunyima safari yako kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Nisamehe. Sijui nikuombe vipi zaidi ya hivyo. Ungewapenda wale watoto, ungekaa kwenye kiti ukawatazama tu, kisha dakika tano hazijapita ungekuwa unamfuta mmoja kamasi. Nilikuwa nakuona. Kila nilipogeuka nilikuwa nakuona, na kiti ni kitupu.

Ijumaa nitakuja kaburini nikusomee Yasini, na haya yote nitakwambia tena kwa mdomo. Na nakuahidi, atakayeniuliza tena lile swali pale kwa muuza samaki, sitaondoka. Nitasimama, nitamjibu kama ulivyokuwa ukijibu, kisha nitachagua samaki wangu.

Lala salama, mke wangu. Na wakiliita jina langu huko kabla sijafika, niitikie wewe.

Mumeo