Vidole vyangu na chai ya mama mkwe

Jumanne jioni

Nimekasirika mpaka chakula sitaki. Daktari wa utafiti alifika hapa Kimulot asubuhi, kama nilivyomwomba, kwa sababu nikichuma majani chai yenye umande vidole vyangu hufa ganzi na kuwa vyeupe. Lazima avione mwenyewe vikiwa vyeupe, avipige picha, ndio anipeleke kupimwa damu. Huenda ni baridi tu, ama ni ule ugonjwa wa kukaza ngozi na viungo. Ngozi ya mikono imeanza kuwa ngumu. Naogopa.

Nilitoka shambani mbio, vidole vyeupe kama chaki. Mama mkwe akatuzuia mlangoni, mimi na daktari.

"Mgeni haanzi kazi kwangu kabla ya chai. Kaeni!"

Tukakaa. Akanipa kikombe cha moto, na mimi mjinga nikakishika kwa mikono miwili, kwa heshima. Chai ilipoisha, vidole vilikuwa vyekundu, vizima kabisa.

"Leo sioni kitu, mama," daktari akaniambia, akaandika hivyo. Kama atarudi, hakusema.

Jioni nimeosha vikombe kwa maji baridi ya tangi. Vidole vikawa vyeupe tena. Nikamwonyesha mama mkwe.

Akaniambia nipashe chai moto.