Dumu la Klabu Lililorudi Limejaa

Jumamosi, 14 Juni. Malton. Nyuzi kumi na mbili saa kumi na moja na nusu alfajiri, mawingu mepesi, upepo wa magharibi ambao ulikuwa haujaamua utafanya nini. Ndege za mizigo zilipita juu ya paa kama kawaida. Niliamka kabla ya kengele.

Leo nina jambo la kujivunia, na nina kosa la kukiri. Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu nikianza na sifa kosa nitalisahau.

Siku za wiki napanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Jumamosi, tangu Mei hadi Septemba, niko kwenye klabu ndogo kando ya ziwa inayofundisha watoto kuendesha mashua za tanga. Niliajiriwa kusafisha vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo. Mwaka huu nimekabidhiwa injini: mbili za kukatia majani, moja ya pampu, na ile ya boti ya uokoaji. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiota.

Boti ya uokoaji haiendi popote kwa starehe. Kazi yake ni kuelea karibu na watoto na kusubiri mmoja apinduke. Agosti iliyopita injini yake ilizima katikati ya maji, watoto sita wakiwa nje na upepo ukiwasukuma kwenye mawe. Boti ya watu waliokuwa wakipita ikawavuta. Hakuna aliyeumia, lakini mama mmoja alimchukua mwanawe siku hiyo hiyo na hakumrudisha.

Siku mbili baadaye nilikuwa napiga deki banda nikamkuta Gord, mzee anayejitolea na aliyekuwa akizishughulikia injini, amefungua tangi na anatukana peke yake. Nilichungulia. Chini ya petroli kulikuwa na maji, na utelezi wa rangi ya chai. Maji kwenye mafuta nayajua. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga Kasulu, na kidato cha nne nilikimaliza na mafuta chini ya kucha. Lakini habari za ethanoli nilikuwa sizijui. Niliomba kitabu cha injini, nikakisoma kwa wiki tatu, kamusi pembeni.

Petroli nyingi ya huku ughaibuni imechanganywa na ethanoli, ambayo ni pombe. Kwa gari linalotembea kila siku haina neno. Kwa injini ndogo inayolala wiki nzima, tena juu ya maji, ni habari nyingine. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Ikishiba, hujitenga na petroli na kuzama pamoja na maji chini ya tangi, pale pale bomba linapovutia mafuta. Mipira ya injini za zamani huilainisha, na uchafu uliolala miaka kwenye tangi huubandua na kuupeleka kwenye kabureta. Injini yetu ni ya zamani. Pengine ina umri wa binti yangu mara mbili.

Nilimweleza Colin, mwalimu mkuu wa klabu. Akasema, "Nakupa msimu mmoja. Ikizima tena, injini zinarudi kwa Gord na wewe unarudi kwenye vyoo."

Sikuona ubaya. Maneno yalikuwa wazi.

Tangu hapo petroli ya klabu nainunua mwenyewe, isiyo na ethanoli, kwenye kituo kimoja njiani nikitoka kazini. Naiweka kwenye dumu jekundu ndani ya banda nyuma ya nyumba. Kila dumu lina mkanda wa karatasi wenye tarehe, idadi ya lita na mahali nilikonunua. Silijazi hadi shingoni. Naacha vidole viwili, kwa sababu petroli hutanuka kukiwa na joto. Na kila mara naipima kwa chupa kabla haijaingia kwenye tangi. Gord ananiita Daktari wa Petroli, na hasemi kwa heshima.

Sasa kosa.

Alhamisi jioni Baba Furaha, jirani yetu kutoka Uvira, alikuja kuomba petroli. Mashine yake ya kukatia majani ilikuwa imekauka katikati ya uwanja wa mtu. Huyu ndiye anayetukatia majani bila kuombwa, na mkewe hunitunza nikitoka zamu ya usiku. Nilikuwa na sufuria motoni. Nikamwambia, chukua kidogo bandani.

Dumu lilikuwa la klabu. Petroli ilikuwa ya klabu. Sikufikiri hata sekunde moja.

Leo nimefika klabuni saa mbili kasoro. Darasa linaanza saa nne. Nilifungua dumu nikakuta petroli imefika shingoni. Mkanda ulikuwa wangu, mwandiko wangu, "Jumatano, lita 18". Ndani mlikuwa na ishirini.

Nikachukua chupa yangu, iliyokuwa ya siagi ya karanga. Ina mstari niliouchora kwa wino mzito. Nilitia maji hadi kwenye mstari, nikaongeza petroli juu yake, nikafunga, nikatikisa, nikaiweka mezani. Petroli safi ikitulia, maji hurudi kwenye mstari. Ikiwa na ethanoli, ile ethanoli huihama petroli na kuingia kwenye maji, na maji huonekana yameongezeka. Nilisubiri dakika kumi kwa saa ya mkononi. Maji yalikuwa yamepita mstari.

Nikampigia simu Baba Furaha.

"Mama Upendo, ulipata bido yako?" Bido ndilo dumu kwao, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Nilitumia nusu. Jana nikaijaza mpaka ku shingo, nikampa mutoto wako. Kwetu bido ya mutu hairudiake tupu."

"Ulijaza ya aina gani, baba?"

"Esanse. Iko aina ngapi?"

Esanse kwao ni petroli. Nikamwambia asante. Ningemwambia nini? Hata mimi sirudishi bakuli la mtu tupu. Mama yangu angenikana.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Naomba niandike ukweli wote: nilifikiri kunyamaza. Siku moja ya petroli ya kawaida haiui injini, hilo nalijua. Ningeitia, jioni ningeitoa, Jumatano ningenunua nyingine, na hakuna ambaye angejua kwamba nimeazimisha mali isiyo yangu. Msimu wangu ungebaki safi.

Lakini tangi lile bado lina uchafu wa zamani pembeni ambao sijaweza kuutoa wote, na ethanoli ndiyo inayoubandua. Pengine leo. Pengine watoto wakiwa nje.

Nikaenda na chupa kwa Colin. Gord alikuwepo, anakunywa kahawa. Nilisema petroli haifai na boti isitoke hadi nipate nyingine.

"Siku moja tu," Gord alisema. "Hii ni injini, Salome, si mtoto mchanga."

"Imeharibikaje?" Colin akauliza.

"Nilimwazima jirani. Akaijaza ya kawaida."

"Dumu la klabu. Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwangu. Na sikuwa nayo."

Niliyasema kwa Kiingereza changu, ambacho huniacha peke yangu ninapokihitaji. Leo hakikuniacha. Colin aliitazama chupa, akaichukua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Wazazi walikuwa wameanza kuingia na watoto wao. Nilihesabu magari saba uwanjani huku nikisubiri kuambiwa nichukue ufagio.

"Gord, mpeleke na dumu tupu kule gatini wanakouza mafuta ya boti," alisema mwishowe. "Darasa litaanza saa tano na nusu."

Ni mwendo wa nusu saa. Tulipofika taa za tatu Gord alinitupia jicho.

"Ungenyamaza, mpaka leo ungekuwa na sifa zako," alisema.

"Mkanda una mwandiko wangu."

"Nani anasoma mikanda?"

"Mimi."

Alicheka puani. Baadaye kidogo akaniuliza kama chupa lazima iwe ya siagi ya karanga. Nikamjibu kwamba ya jemu pia inafaa, ila aioshe, maana yeye namjua.

Tuliporudi nilimkuta Colin amewakalisha watoto kwenye nyasi, anawafundisha mafundo ya kamba. Wazazi walikuwa wamesimama mikono kifuani. Nilidhani amewaambia kuna hitilafu. Baba mmoja akamuuliza mbele yangu kwa nini tunachelewa, naye akajibu, "Mafuta hayakupita ukaguzi. Mkaguzi wetu ni huyu."

Mkaguzi.

Kisha akaniita niwaonyeshe watoto. Watoto ishirini na moja, wazazi wao nyuma yao, na mimi na aproni yangu. Nilipima petroli mpya mbele yao. Tulisubiri pamoja, na kwa mara ya kwanza dakika kumi hazikuwa ndefu. Maji yalirudi kwenye mstari, sawasawa kabisa. Nikaiweka karibu na ile chupa ya asubuhi ili walinganishe. Msichana mmoja mwenye pengo akaniuliza kama yale maji ya kwanza yamekunywa pombe. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana hatuyaruhusu kuendesha boti. Walicheka hata wale wazazi wa mikono kifuani.

Injini ya boti iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba.

Saa nane na robo upepo ulifanya uamuzi wake. Mashua tatu zilipinduka karibu kwa pamoja, moja ikiwa mbali, upande wa mawe. Nilikuwa kwenye gati letu na kitambaa mkononi, na kwa dakika chache sikukumbuka Kiingereza wala Kiswahili. Nilikuwa nasikiliza mlio tu. Injini haikukohoa hata mara moja. Gord alimtoa wa mbali kwanza, kisha wale wawili, na alipopita mbele yangu alinyoosha mkono kuelekea injini, kama mtu anayemtambulisha mgeni.

Jioni Colin alinikuta nafagia banda. Alisema mambo mawili kwa pumzi moja: petroli haitatoka tena nje ya uzio wa klabu, na ufunguo wa kabati jipya la mafuta utakaa kwangu. La kwanza lilikuwa karipio. La pili sijalipatia jina. Nilijibu "sawa" kwa yote mawili, nikaendelea kufagia, kwa sababu uso wangu ulikuwa unataka kufanya vitu vingine.

Nilirudi Malton nikapita kwa Baba Furaha kabla ya kuvua viatu. Hili niliona gumu kuliko la asubuhi. Mtu akikutendea wema, unamwambiaje kwamba wema wake ulikaribia kukuondoa kazini? Nilimwambia polepole, nikaanza na kosa langu la kutoa kisicho changu.

Alikuna ndevu.

"Kumbe esanse nayo iko na makabila," alisema.

"Yako mawili tu, baba."

"Nilimwambia aiache vile aliikuta," mkewe alisema kutoka jikoni. "Hasikiake."

"Na ningerudisha nusu, ungesema mi niko mwizi," akamjibu. Kisha akanigeukia, na niliona ameumia kidogo chini ya kicheko. Nikamwambia kwamba ningekuwa mimi, ningefanya vile vile, na ni kweli. Akaomba aione chupa. Nilimpimia palepale uani ile petroli aliyojaza, ambayo Colin aliniruhusu kuiondoa klabuni, na akachuchumaa kuitazama dakika zote kumi, akitoa mlio wa ulimi maji yalipopita mstari. Nikamwachia ile petroli yote. Mashine yake itaimaliza kesho kutwa.

Upendo, binti yangu, aliposikia habari nzima aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini sikunyamaza. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba kulikuwa na watoto ishirini na moja. Akafikiri, akasema "sawa, mama". Hiyo ilikuwa kwa Kiswahili.

Nimejiuliza jioni nzima kama mtu anaruhusiwa kujivunia siku aliyoianza kwa kosa lake mwenyewe. Nadhani anaruhusiwa, mradi aandike yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Miaka tisa nimekuwa hapa, na watu wamenishukuru kwa usafi, kwa kuwahi, kwa kutolalamika. Leo ni mara ya kwanza darasa zima limesubiri kwa sababu nilisema lisubiri. Na nilipolisimamisha, nilikuwa nimeshawaambia kosa ni langu.

Jumamosi ijayo nitafika saa moja. Nataka kulitoa lile tangi na kulisugua hadi pembeni.

Nazima taa saa nne na dakika arobaini. Usingizi sidhani kama utakuja kabla ya saa sita.