Angetile amemtaja baba mkwe wake

Hezroni, boma tunalowajengea Wajerumani nusura limuue mzee Tomasi leo. Nimechoka hata kukasirika.

Jukwaa la kupandia ukutani wamelifunga kwa kamba mbichi za mgomba. Mafundi walimwomba msimamizi Mjerumani siku mbili zikauke kwanza. Akasema paa liishe kabla ya mvua. Mwaka juzi tulimzika fundi Aliko, aliyeangushwa na kamba mbichi kama hizi.

Mzee yuko juu. Angetile, mke wa mwanawe, yuko chini na udongo kichwani, amejifunika kanga usoni. Unajua mila yetu: mkwe hamsemeshi baba mkwe, jina lake ndiyo kabisa.

Mbele ya macho yake fundo likaanza kufunguka. Hakuna mwingine aliyeliona.

Akaita, "Tomasi, shuka!" Jina lenyewe, Hezroni. Mzee akarukia ukutani, jukwaa likaanguka tupu.

Na watu wanasema nini? Si kamba. Jina. "Amemtaja mkwewe." Jina tu, mpaka jioni. Msimamizi kaamuru jukwaa lifungwe tena, kwa kamba zilezile.

Mama mkwe akamwuliza kama haoni haya. Angetile akajibu taratibu, "Naona, mama. Kesho akipanda, nitamwita tena."