Mama Mkwe Ametundika Kitambaa cha Manjano

Mshauri mpendwa, nisaidie kwa haraka, maana tangu Jumapili kiwandani nakosea hata kupanga samaki, na nyumbani sina wa kumwambia kwa sababu kumbe wote walikuwa wanajua isipokuwa mimi. Nimeolewa katika mji mdogo wa pwani ya Kochi, huku Japani, naishi na mume wangu Kazuomi na mama yake, Mama Fusae, ambaye kiharusi kilimwacha kwenye kiti cha magurudumu, na kama unavyojua, huku kwetu tetemeko kubwa likija maji hayachelewi, kwa hiyo kila vuli mtaa mzima tunafanya zoezi, king'ora kinalia, kila nyumba watu wakishatoka wanatundika kitambaa cha manjano mlangoni ili wanaopita kusaidia wajue humo hamna mtu wasipoteze muda, kisha wote tunapanda ngazi za hekalu mpaka kilimani.

Siku ya zoezi mimi huwa na zamu kiwandani, lakini safari hii nilikuwa na mapumziko, king'ora kikanikuta dukani, nikapanda na wenzangu nikijua Kazuomi yuko na mama. Huko juu nikamkuta Kazuomi peke yake anakunywa chai, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hirose, anatangaza kwamba hakuna aliyebaki chini, na watu wanapiga makofi.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Kwani kitambaa hakipo mlangoni?" akasema Mzee Hirose, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Nilishuka zile ngazi mbio mpaka nikapoteza kiatu. Kitambaa kilikuwepo. Na mama alikuwepo, sebuleni, anamenya chungwa.

"Mama! Nani kakosea akatundika kitambaa na wewe umo ndani?"

"Hakuna aliyekosea, mwanangu. Nimekitundika mwenyewe, kwa fimbo ya kuanikia nguo." Akanipa kipande cha chungwa. "Nani atanibeba ngazi zile? Hirose mwenyewe mgongo mbovu. Wakisimama hapa kwa ajili yangu, watakufa na wao. Hata siku yenyewe ikija nitakitundika. Na wewe usipige kelele, utanitia aibu."

Mshauri, nilikaa chini sakafuni kando yake. Jioni nikamvaa Kazuomi, naye akanijibu, "Mama kaamua. Miaka yote anafanya hivyo, majirani wenyewe wanamsifu kwamba ana adabu. Isitoshe kuna lile gari la kituo cha wazee, lenye jukwaa la kupandishia kiti." Adabu! Sasa nikisema kwenye mkutano wa mtaa nitamwaibisha mama na mume wangu hatanisamehe, nikinyamaza nitakuwa mmoja wao. Nifanye nini?

Mkamwana Asiyelala, Kochi

*

Mkamwana, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mtaa mzima unapiga makofi kilimani na bibi wa watu ameachwa chini akila chungwa! Nimekasirika, na hasira nyingine ni juu yako wewe. Miaka yote hiyo hukuwahi kuuliza mama anapandaje?

Mama mkwe wako amelelewa kuamini kwamba kumsumbua jirani ni vibaya kuliko kufa. Hiyo si adabu, na wanaomsifu wanajisifia wepesi wa mabega yao. Na mumeo aache kujifariji na lile gari. Linaagizwa siku moja kabla, na Jumapili halitembei. Tsunami haitapiga simu kuweka miadi.

Mama anasema hakuna wa kumbeba. Mimi nimezaliwa pwani hiyo hiyo. Kila sherehe ya kiangazi wanaume wa mtaa wanabeba mabegani kile kibanda kitakatifu cha mungu, mbao nzito na dhahabu yake, wanakipandisha ngazi hizo hizo wakiimba na kutokwa jasho. Mama Fusae ana kilo ngapi? Waulize hivyo hivyo mkutanini, kwa sauti, na Mzee Hirose awe amekaa mbele.

Kabla ya mkutano, mwambie mama kwamba utasema. Usimzunguke. Atalia, atakununia, atakuita mkamwana mbaya. Vumilia. Kisha nenda naye ofisi ya mji mkaombe mpango wake mwenyewe wa kuokolewa: nyumba gani mbili zitamfuata, kama kiti kitafungwa vishikio vya kuvutia, kama kitapitia barabara ya nyuma ya hekalu au atabebwa ngazini. Mama aseme mwenyewe anavyotaka kushikwa, maana mwili ni wake. Halafu mjaribu, hata mvua ikinyesha.

Wakikataa? Zoezi lijalo omba ruhusa kazini, ondoa kile kitambaa mlangoni, ukae sebuleni na mama yako. Waache wahesabu watu huko juu, waone wawili hawapo. Mumeo ataona pia. Wakishuka kukuuliza kwa nini hukupanda, wajibu kwamba mlikuwa mnawangoja.