Nati za Tela Nimeondoka Nazo

Baba Hilda,

Chai ipo kwenye chupa. Tela liache hapo juu ya mawe, nati zote ziko kwenye pochi yangu.

Usinune! Asubuhi nimezijaribu kwa vidole, zikafunguka. Spesa, zile bamba ulizoweka nyuma ya magurudumu ili matairi yasisugue bodi, ni nene mno, kwa hiyo nati zinashika ncha ya boliti tu. Na hapo ndipo ulipotaka kumpakia mama yako mpaka Mwitongo, fundi wangu! Mimi tairi ilishanichomokea Buswahili, goti linanikumbushaga mpaka leo.

~~Mpandishe bodaboda.~~ Hapana, mgongo wake hauwezi. Anisubiri nirudi kutoka Bunda.

Nitafunga mimi, kwa kupishana, nati hii kisha ya upande wa pili, tukitembea kidogo tukaze tena.

Boliti ndefu Bunda wanauza. Mama mkwe hawauzi.

Mama Hilda