Dua ya Mama Mkwe kwa Miungu ya Bahari

Chizuru, upo? Ndiyo kwanza tumetoka hekaluni pale ufukweni, na mume wangu Katsunori hataki kusemeshwa na mtu.

Si unajua kesho Katsunori anaanza unahodha wa kivuko? Mama mkwe akaagiza dua kwa miungu ya bahari, na mabaharia wote akawaalika.

Kuhani akaanza, na ile sauti yake ya kuvuta: "Mlindeni Katsunori, mwana wa Fumie, ambaye hajui kuogelea."

Hajui kuogelea. Mbele ya mabaharia wake, shoga.

Katsunori akainama mpaka nikadhani kaangusha kitu. Mama mkwe naye akasema, "Mheshimiwa, rudia hapo. Mawimbi yanapiga kelele, huenda hawakusikia."

Akarudia.

Halafu mzee Isamu, fundi wa injini, akasogea, kofia mkononi. "Mheshimiwa, hapo kwenye kuogelea, niongeze na mimi."

Nyuma yake wakajipanga wengine wote. Katsunori alipoiona ile foleni, sijui alifarijika au aliogopa zaidi.

Wewe si kesho unavuka kwenda kwa dada yako? Jaketi la kujiokolea livae ukiwa bado nyumbani.