Mawe ya Shamba la Juu

Guangyuan Xilu,
Guangzhou, China.
9 Novemba 1998

Kaka yangu Cornel,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ugenini, wewe, shemeji Domina na watoto wote. Natumaini goti la Mama limepata nafuu, na kwamba mvua za kwanza zimeshagusa ardhi hapo Dodoma. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unaolalamika, kwa sababu huku hata tajiri hubeba robota lake mwenyewe siku wapagazi wanapogoma.

Barua yako ya Septemba nimeipata. Umeniandikia kwamba baraza la kata limemwita Mzee Mwadini tarehe 5 Desemba, aseme nani alimtuma kuchimba kokoto ya shamba langu mwaka 1992, na kwamba asiposema atafukuzwa kijijini. Umeongeza kwamba watu wamemwona alfajiri akishuka kwenye lile shimo lililoachwa na kokoto, debe kichwani, na wewe umeuita huo ushahidi wa pili. Jibu langu linakuja kwa njia ndefu kidogo. Nivumilie, maana nikikurupuka nitalikimbia.

Tangu pesa ya Bangkok ilipoanguka mwaka jana, wafanyabiashara wengi tumehamia huku. Mimi nanunua vyombo vya glasi mtaa wa Yide Lu na kuvipakia kwenda Dar es Salaam. Wachina nao siku hizi wameingiwa na wazimu wa mvinyo mwekundu wa Kifaransa. Wanautia barafu na soda ya limau, wanaugugumia kwa mkupuo mmoja. Basi laoban wangu, yaani tajiri anayeniuzia glasi, akatualika wateja wake hotelini kumsikiliza Mfaransa mmoja, Bwana Lucien, aliyeleta mvinyo wa kwao. Nilikwenda na Njoki, mama mmoja wa Nairobi anayenunua mikoba kule Shiling. Yeye alisema wazi kwamba amefuata chakula, mvinyo ana wake wa kutosha Kenya.

Lucien alitundika ramani ukutani. Kwao ni Médoc, karibu na mji wa Bordeaux. Ni ulimi wa ardhi, bahari kuu upande wa magharibi, mdomo mpana wa mto Gironde upande wa mashariki. Urefu wake ni kama kutoka Dodoma mjini hadi Kongwa, ila ukanda wenye mizabibu ya maana ni mwembamba, kilomita chache tu kutoka mtoni. Alisema mwaka 1152 binti mtawala wa nchi ile aliolewa na kijana ambaye baada ya miaka miwili akawa mfalme wa Uingereza, na kwa miaka mia tatu Waingereza wakanywa mvinyo wa Bordeaux kama maji ya kisima cha ukweni. Lakini Médoc yenyewe wakati huo ilikuwa kinamasi na mbu. Wakaja Waholanzi, miaka mia tatu na hamsini iliyopita, wakachimba mifereji, maji yakashuka, na vilima vya changarawe vikabaki vikavu. Hapo ndipo wakubwa wakapanda mizabibu. Mwaka 1855 mashamba yakapangwa madaraja matano, na hadi leo karibu hakuna aliyepanda wala kushuka. Hata mdudu aliyekula mizizi ya nchi nzima hakuwamaliza. Walileta mashina kutoka Amerika, wakaunganisha, wakaanza upya juu ya mawe yale yale.

Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, Kaka. Mimi na wewe tumelelewa kwenye zabibu za misheni, nikaona huyu hana la kunifundisha. Kisha akafungua mfuko wa kitambaa, akamwaga mezani mawe ya shambani kwake. Mawe ya duara, meupe na ya rangi ya kahawia, makubwa kama mayai ya kanga. Nilishika moja. Njoki akaniuliza mbona nimekodoa macho, au nimeona almasi. Nikamwambia haya ni mawe ya kwetu. Akacheka, akasema basi mawe ya kwenu yana pasipoti kunishinda.

Unakumbuka mgawo wa mwaka 1989. Wewe ulipewa shamba la bondeni, udongo mweusi, jembe linazama bila jasho. Mimi nikapewa shamba la juu, mawe matupu. Nilipokea mbele ya wazee, lakini niliondoka na donge. Nilihesabu kila kitu: wewe mizabibu 640, mimi 310. Na kila mavuno Baba alichanganya vikapu viwili vyangu na vitano vyako kabla ya kupeleka mizani ya misheni. Nilidhani anaficha unyonge wa zabibu zangu ndani ya zako, kwa aibu.

Nilimuuliza Lucien mzabibu ukipandwa kwenye udongo mweusi unakuwaje. Akasema unanenepa majani, na zabibu zake ni maji. Kwao udongo wa namna hiyo, ule wa pembeni ya kinamasi, huachiwa ng'ombe. Kwenye changarawe maji hayatuami, mzizi unalazimika kushuka mita nyingi kutafuta, jiwe linashika joto la mchana na kulirudisha jioni. Akasema mtu mwenye udongo mweusi akitaka mvinyo unaonyweka, achanganye na wa mawe. Viwili kwa vitano, nikajiambia. Cornel, Baba alikuwa akikuokoa wewe kwa zabibu zangu. Na ndiyo maana alituchapa siku ile tuliporusha mawe nje ya shamba, sisi tukadhani amelewa.

Sasa lile lenyewe.

Kokoto ile haikuibwa. Niliiuza mimi. Nilikutana na mkandarasi wa barabara mjini, nikatia sahihi, nikachagua wiki ile mliyokwenda Kondoa kwenye mazishi ya shangazi. Nilijiambia mawe ni yangu, mizabibu ni yangu, na Baba alinipa takataka makusudi. Mzee Mwadini alikuwa msimamizi wa matipa tu. Alipoona mizabibu inang'olewa alinitafuta, akaniuliza kama mzazi anajua. Nikamwomba anyamaze hadi nimweleze Baba mwenyewe. Aliniahidi. Matipa 212 yaliondoka kwa siku nane.

Sikumweleza. Baba alitembea hadi ofisi ya wilaya mara kumi na moja kushtaki mwizi, na mimi nikamwandikia kumpa moyo. Miaka mitatu baadaye akafa bila kumjua mwizi wake. Mwadini alikaa kijijini, akaoa hapo hapo, akala matusi miaka sita, na neno lake kwangu hakulivunja. Mtu wa pwani asiye na ukoo kwetu amenitunzia heshima ambayo mimi sikumtunzia baba yangu mzazi.

Njoki anaruka Alhamisi. Nitampa barua hii aipeleke hadi basi la Arusha, akabidhiwe dereva mkononi. Nilipomsimulia, akaniambia ningekuwa mwanawe angenirudisha mwenyewe kwa fimbo. Isome barazani tarehe 5, yote, mbele ya Mwadini, na jina langu lisirukwe. Mama msomee kabla, nyumbani, akiwa ameketi.

Na kuhusu lile debe. Wewe umeona mwizi anarudi alipoiba. Jiulize, mtu hushuka shimoni na debe kichwani kama limejaa au kama ni tupu? Nenda kaangalie chini ya shimo. Nadhani utakuta mawe ya korongoni aliyoyamwaga humo. Nimepiga hesabu: matipa 212, tani saba kila moja, ni tani 1,484. Debe la mawe ni kilo ishirini. Hayo ni madebe 74,200. Akibeba moja kila siku bila kukosa, atamaliza baada ya miaka 203.

Msalimie Mama na ndugu wote. Mzee Mwadini mwambie nimemwamkia, shikamoo, na simdai aitikie. Nitafika kabla ya Krismasi, Mungu akipenda. Nitafutie debe.

Ni mimi mdogo wako,
Anatory